Madam wa Chumba cha Simu

Kabla sijauona uso wake nilivisikia viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, na alivivaa kila siku ya kazi, hata majira ya mvua ambapo sisi tuliopanga mtaa wa Nyalenda tulifika kazini tumebeba viatu mkononi na matope mpaka magotini. Sakafu ya chumba cha simu ilikuwa ya mbao, kwa hivyo ulijua yuko wapi bila kugeuza shingo. Alitaka tujue. Wasimamizi wengine walikuja na raba wakatunyatia kutoka nyuma, wakisubiri mtu akosee wamdake. Yeye alisema mtu mzima hanyatii wenzake.

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja, maana hakuna aliyelitumia. Sisi maopereta tulimwita Madam, mafundi walimwita Madam, hata Bwana Meneja aliyekuwa mkubwa wake alimwita Madam, na nadhani hata yeye alikuwa amezoea kujiita hivyo moyoni.

Kwa ambao hawakuziona siku hizo, miaka ya themanini simu ya mbali haikujipiga yenyewe. Ulipiga kwetu Kisumu, ukaomba Nakuru au Mombasa, opereta akakutafutia. Tuliketi kwenye safu moja, kila mtu mbele ya ubao uliojaa matundu na vitaa, hedifoni kichwani na waya mkononi. Kitaa kikiwaka, mtu anakuhitaji. Unachomeka waya, unasema, "Opereta, nikusaidie?" na kuanzia hapo lolote laweza kutokea. Wengine walikutukana kabla ya kutaja namba. Wengine, hasa kina mama kutoka upande wa Bondo na Asembo, walipaza sauti kana kwamba wanataka kufika Nairobi bila waya.

Mimi natoka Vihiga. Kidholuo changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya samaki na kushukuru. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na kazi ile niliihitaji kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu yeyote. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwetu kupata kazi ya kuketi. Mama alikuwa ameshaliambia kanisa zima. Kurudi kijijini na sanduku langu baada ya miezi michache, wote wakiniangalia, ni jambo nililoliota na kuamka nalo.

Kila ubao ulikuwa na tundu la pili chini, la msimamizi kuchomeka hedifoni yake. Wasimamizi wengine walilitumia kututega. Madam alikuja na hedifoni yake shingoni, akakugusa bega kwanza, akavuta kiti, ndipo akachomeka. Alisikia unachosikia. Mteja akiongea Kidholuo kikali nikachanganyikiwa, hakuninyang'anya simu. Alininong'oneza kando, "Anataka Kericho, anauliza kama laini iko bize," nami nikajibu kwa mdomo wangu. Mteja hakujua kamwe kwamba alihudumiwa na watu wawili.

Nisidanganye kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Mafundi walipopanda ngazi na visanduku vyao vya vifaa, aliwapokea na maneno ya kuwavua nguo: "Nyinyi mnakuja kutengeneza ama mnakuja kuongeza shida?" Mama aliyeuza mandazi getini alirudishiwa mandazi yake mara nyingi kwa sababu yamepoa. Na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Ochieng', aliyekuwa mkongwe kati yetu na aliyeketi ubao wa jirani yangu, alimwonyesha siku moja, kwa adabu kabisa, kwamba amevaa blauzi ndani nje. Madam alimwitikia kwa kichwa tu, bila neno, mpaka wiki ikaisha. Binti yake Madam alipita ofisini mara moja kuchukua ufunguo wa nyumba yao ya mtaa wa Migosi, akamkuta mama yake anamwelekeza mgeni kwa sauti ya upole. Alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akatuambia, "Huyu mama wenu wa ofisini, si mtupatie pia sisi nyumbani?" Tulicheka. Madam hakucheka.

Jambo jingine lililoniudhi ni kwamba hakusifu. Ungefanya kazi vizuri siku nzima, ukamwangalia kwa hamu kama kuku anayesubiri mtama, wala. Sifa zako ulizisikia kwa mtu mwingine. Ochieng' angekwambia, "Madam anasema Flora ako na sauti ya kutuliza mtu," na Flora, ambaye ni mimi, angebaki kujiuliza kwa nini hakuambiwa mwenyewe. Mpaka leo sijui. Labda alidhani sifa ya mkononi haina uzito, au labda aliona haya.

Lakini kukosoa alikujua. Nyuma ya jengo kulikuwa na veranda yenye bomba la maji. Ukikosea, alikuacha umalize simu, halafu akasema, "Twende tukanywe maji." Wengine wote walibaki ndani. Uzuri ni kwamba alikuita hivyo hivyo siku ambayo hujakosa lolote, mkanywa maji kweli, mkaongea habari za bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, mkarudi. Kwa hivyo ukitoka nje na kurudi midomo imelowa, hakuna aliyejua kama umekosolewa au ulikuwa na kiu.

Pale bombani swali lake lilikuwa lile lile. Hakuuliza umefanya nini. Aliuliza, "Ulisikia nini?" Ukaanza kueleza, na mara nyingi katikati ya maelezo yako ulijikuta umefika penye kosa bila kusukumwa. Kisha yeye akakusimulia kosa lake mwenyewe la zamani, la alipokuwa mpya kama wewe, na daima lilikuwa baya kuliko lako. Aliwahi kumuunganisha mwenye duka la vitambaa na fundi wa majeneza, wakabishana juu ya vipimo muda mrefu kabla ya kugundua. Aliwahi kusinzia na hedifoni kichwani akamkoromea ofisa mkubwa wa serikali. Alieleza akiigiza sauti za watu wote, mpaka ukasahau kwamba uliletwa pale kusutwa. Ulirudi kwenye ubao wako ukiwaza: kama yeye aliyafanya yale na leo ni Madam, basi hata mimi nitafika.

Kulikuwa pia na fundisho lake alilolitanguliza mbele ya mengine. Mteja akikwambia ana shida, mpe pole kabla ya kumuuliza namba. Alisema mtu hawezi kukumbuka namba huku hajasikilizwa. Nililishika fundisho hilo kwa mikono miwili, kwa sababu pole ni neno nililolijua hata kwa Kidholuo, na ndilo lililonitia matatani.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kitaa cha Sondu kikawaka. Mzee mmoja, sauti imekauka, aliniambia kwa Kiswahili chake, "Binti, mama ya watoto ametuacha asubuhi hii. Nitafutie kijana yangu, anafanya kazi Mombasa, bandarini."

"Mos, Mzee. Pole sana," nikamwambia. Nikachukua namba, nikamwambia akae karibu na simu ya posta nitampigia.

Mombasa haikuwa rahisi. Nilipita kwa maopereta wa huko, kisha kwa karani wa bandarini, kisha nikasubiri watu wamwite kijana kutoka kazini. Alipofika alikuwa anahema. "Halo? Nani?"

"Ngoja kidogo, ndugu yangu, nakuunganisha na Mzee, yuko Sondu," nikasema, huku mkono wa pili unatafuta waya wa Sondu. Na kwa sababu ule ukimya wa kusubiri ulikuwa mzito, na kwa sababu nilifunzwa vizuri, nikaongeza, "Na pole sana kwa msiba wa mama."

Kisha akasema polepole, "Mama gani?"

Wakati huo huo Mzee akaingia kwenye laini. Watu wa huku hawamwambii mtu aliye mbali kwamba amefiwa. Wanamwambia mgonjwa amezidiwa, aje haraka, halafu akifika nyumbani akute watu wa kumshika. Mzee alikuwa ameyapanga maneno yake njiani mpaka posta, nami nikamsikia akiyatoa yote, pole pole, kwa Kidholuo chepesi ambacho hata mimi nilikielewa: mama yako hajisikii vizuri, kidogo tu, omba ruhusa uje nyumbani.

"Baba," kijana akasema, "opereta ameshaniambia."

Sitaisahau ile sauti iliyofuata, wala sitajaribu kuieleza. Nilisikia viatu vinakuja. Madam alinigusa bega, akachomeka hedifoni yake, akaona uso wangu, akausikia mwisho wa simu ile pamoja nami. Mzee alipokata, alizichomoa nyaya mwenyewe moja moja na kuzirudisha mahali pake.

"Twende tukanywe maji."

Bombani nililia. Alifungua maji yakatiririka tu, nadhani ili watu ndani wasinisikie. Nilipotulia akauliza, "Ulisikia nini?"

"Nilisikia Mzee anasema mama ametuacha."

"Na kijana je? Ulisikia mahali amesema anajua?"

"Hapana, Madam."

"Basi ni hapo. Ni hapo tu, nyathina." Mwanangu, yaani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikasubiri anisimulie kosa lake la zamani lililo baya kuliko langu. Nililihitaji siku hiyo kuliko maji. Alifunga bomba, akapangusa mikono kwenye sketi, akasema, "Leo sina hadithi. Hii sijawahi kuwa nayo."

Nilijua basi kwamba nimekwisha.

Mzee alikuwa amemlalamikia karani wa posta ya Sondu, na karani akampigia Bwana Meneja. Tuliitwa kabla ya saa ya chakula. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa lawama. Alisema opereta wa majaribio asiyejua kufunga mdomo hawezi kuthibitishwa, ni bora arudi kwao mapema. Mimi niliangalia sakafu, nikimwona mama yangu na kanisa lake zima.

"Huyu alifunzwa na nani kusema pole?" Madam akauliza.

"Sijui, Madam. Sio hoja."

"Ni mimi. Nilimfunza aseme, sikumfunza wakati wa kunyamaza. Kwa hivyo andika jina yangu kwanza, yake ifuate."

"Madam, usinifanyie hivyo."

"Mimi sikufanyii kitu. Wewe ndio unaandika."

Meneja akakuna kichwa. Kumfukuza Madam ilikuwa ni kuketi yeye mwenyewe kwenye ubao. Akasema atalifikiria mpaka mwisho wa mwezi, lakini yule Mzee akilalamika tena, basi. Tulipotoka nilianza kumshukuru, akanikatiza, "Bado. Jumamosi tunaenda Sondu kwa matanga. Na ukifika huko usiwaombe wakuokolee kazi yako, usiitaje kabisa. Hao watu wamefiwa, hawajui mambo ya kazi yako. Ukiitaja tu, mimi nakurudisha hapo hapo."

Tukaenda. Nilidhani tutaketi kwenye viti vya wageni, lakini Madam alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba walikokuwa akina mama na masufuria. Alijifunga leso kiunoni, akapiga magoti kwenye matope na viatu vyake vile vile, akaanza kusugua sufuria kwa majivu. Mimi nikachota maji. Hatukueleza sisi ni nani. Pale hakuna anayeulizwa mradi anafanya kazi.

Nilikuwa nauliza ndoo nyingine iko wapi, kijana mmoja mrefu aliyekuwa anapita na viti akasimama. "Hiyo sauti," akasema. "Wewe ni opereta."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na samahani. Madam alikuwa ananitazama juu ya sufuria, mikono imesimama.

Kijana aliviweka viti chini. "Nilikukasirikia mpaka Nairobi," akasema. "Nililia kwa basi mpaka mtu wa kando akanipa shuka yake. Lakini nimefika hapa machozi imeisha, nikapata nguvu ya kumshika Baba. Ndugu zangu waliambiwa mgonjwa, wamefika wakaanguka. Mimi ndio niliwainua." Akachukua viti vyake akaenda. Hakusema amenisamehe, na sikutaka aseme.

Mzee alikuja baadaye. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Kijana wake alikuwa ameshamwambia mimi ni nani, akasema, "Mimi nilikuwa nimejipangia maneno yangu. Wewe ukaniharibia."

"Ni kweli, Mzee."

"Umetoka Kisumu?"

"Ndio, Mzee."

"Umekula?"

Akaagiza niletewe ugali na nyama, na akasimama pale mpaka nikaanza kula. Niliona hilo ndilo jibu langu. Mwisho wa mwezi ulifika, hakuna aliyelalamika tena, Meneja akanithibitisha bila kuniangalia machoni. Madam hakusema neno la pongezi. Siku iliyofuata alinihamisha ubao. Nilipoketi na kuyasoma majina juu ya vitaa, nikaona amenipa laini za Sondu.

Miezi ikapita, akaja msichana mwingine mpya. Siku moja, mimi nikiwa dirishani napunga upepo, nikamsikia Madam bombani akimsimulia: "Mimi nikiwa mpya kama wewe, kuna Mzee alifiwa huko Sondu, na mimi nikamwambia kijana yake pole kabla Baba yake hajaongea. Nilitaka ardhi inimeze! Sasa wewe, pole mpatie yule amekuletea habari. Huyo mwingine mwachie wenyewe." Akaiga sauti ya kijana, "Mama gani?" sawasawa kabisa, na msichana akashika mdomo.

Nilirudi kwenye kiti nimepigwa na butwaa. Nikamwegemea Ochieng' nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini Madam anasema kosa langu ni lake. Akacheka mpaka hedifoni ikamdondoka. "Sasa ndio unajua? Yule alikoroma ni mimi! Na ya majeneza ni ya jamaa mmoja alihamia Eldoret. Hakuna hata moja ni yake." Mwanzoni nilikasirika, nikamwona Madam mwongo. Baadaye nikafikiria wale wote waliopita, ambao makosa yao hayakuwa na majina yao tena, na hasira ikaniisha taratibu.

Miaka ya tisini ikaja na mitambo yake, watu wakaanza kupiga Mombasa wenyewe kwa kidole. Chumba cha simu kikapungua, Madam akastaafu, mimi nikapata kazi ya kusimamia mapokezi ya hospitali ndogo mjini. Hapo ndipo nilipompata Akinyi, binti wa dirishani, mchangamfu, ambaye siku moja aliusoma ugonjwa wa mgonjwa kwa sauti mbele ya foleni nzima, na kwenye foleni alikuwamo jirani yake. Mgonjwa aliondoka akilia. Akinyi alivua beji yake akaiweka mezani kwangu, akasema anarudi kwao. Nikamwambia kwanza twende tukanywe maji. Nilimwuliza alisikia nini, kisha nikamsimulia habari ya Sondu, yote, pamoja na ugali. Aliuliza kama kweli sikufukuzwa. Nikamwambia ajionee mwenyewe. Tukaenda pamoja kwa yule mgonjwa kumwomba msamaha, na kesho yake asubuhi nikamkuta Akinyi dirishani amefika kabla yangu.

Jumapili hiyo nilikwenda Migosi kumweleza Madam. Sikuwa nimemwona siku nyingi. Alikuwa amekonda, ameketi mlangoni na kandambili, vile viatu vimepangwa juu ya kabati ndani kama vyombo vya wageni. Binti yake alituletea chai, na Madam akamwambia imepoa, na binti akaniangalia akatabasamu kwa uzoefu.

Nilimweleza habari za Akinyi. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Nilipofika penye Sondu na kijana wa Mombasa, akanyoosha mgongo ghafla.

"Ngoja. Hiyo ni yangu."

"Ni yangu, Madam."

"Yako namna gani? Hiyo nimewaambia watu wangapi?"

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia pole. Wewe ulisugua sufuria."

Nikaona inamrudia: matope, majivu, viatu. Akacheka kile kicheko chake cha bombani, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nikapata ujasiri wa kumwuliza lililonikera miaka mingi, kwamba kosa lake mwenyewe lilikuwa lipi, lile la kweli, alipokuwa mpya.

"Langu?" Aligeuza kikombe mkononi. "Langu nilipigiwa kelele mbele ya watu wote. Niliporudi kwa kiti yangu sikukumbuka hata nilikosea wapi. Hiyo haikufunza mtu."

Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira wa karatasi uani. Nilipoinuka kuaga aliushika mkono wangu, akauvuta mpaka nikainama, kwa sababu hakupenda kusema jambo zuri kwa sauti.

"Haya, ya Sondu ichukue," akasema. "Nimekubebea vya kutosha."